Programu za kufundishia Kiingereza: wanafunzi wanapata 18 kati ya 20, nikiwaambia waongee wanatazama dirishani

#1 Chaki_Vumbi

Wakuu, habari za jioni.

Nafundisha Kiingereza shule ya kata huku Rukwa, Kidato cha Kwanza na cha Pili. Mkondo mmoja una watoto 84. Mwaka jana nilichoka na ubao, nikaamua kuingia mtandaoni kutafuta dawa. Wanafunzi hawaruhusiwi simu shuleni, kwa hiyo Kahoot (ule mchezo wa maswali wa mtandaoni) na wenzake nikawaweka pembeni maana wanataka kila mtoto, au angalau kila kikundi, kiwe na kifaa. Nikaangukia Plickers. Kwa msioijua: unachapisha kadi za karatasi, kila mtoto na yake, zina michoro meusi kama ile ya kuskani dukani. Kadi ina pande nne, A, B, C, D. Unauliza swali, mtoto anainua kadi huku upande wa jibu lake ukiwa juu, wewe unapitisha kamera ya simu darasani, na simu inakuonyesha nani kapata nani kakosa. Seti kubwa ina kadi 63, kwa hiyo naligawa darasa: nusu wanajibu, nusu wanaandika, halafu tunabadilishana.

Juu ya hapo nina spika ndogo, nawasikilizisha vile vipindi vya dakika sita vya BBC Learning English, na mazoezi ya sarufi nayatoa LearnEnglish ya British Council nayanakili ubaoni.

Matokeo: alama zimepanda kweli kweli. Wakati uliopita, "since" na "for", viambishi vya umoja na wingi, mtoto anapata 18 kati ya 20. Juzi nikasema leo hakuna kadi, tunaongea. Nikauliza, "What did you do yesterday?" Kimya. Nikamnyooshea kidole mmoja aliyekuwa na 19. Akasimama, akatazama dirishani, akasema, "I am fine, thank you, teacher."

Nauliza waliopita njia hii: shida ni programu, ni watoto, au ni mimi?

#2 Mzee wa Kahawa

Naweka kigoda. Wajuvi waje.

#3 Nyundo_ya_Kigoma

Hizo kadi watoto si wanaangaliziana? Mmoja akiinua C wote wanainua C. Hapo ndipo 18 yako ilipotoka.

#4 Chaki_Vumbi

Mkuu #3, hapana. Michoro haifanani, kadi yangu na yako zote zikiwa C zinaonekana tofauti kabisa, na zile herufi zimechapwa ndogo pembeni, jirani hazioni. Kuangaliziana ni kugumu kuliko kwenye daftari. Wanaojaribu hukosa, maana wanageuza kadi kwa kuiga umbo la mwenzao.

#5 Bibi Ubao

Mwanangu Chaki, hongera kwa kuhangaika. Nimestaafu baada ya miaka 34 darasani na hizo kadi sijazishika, lakini ugonjwa unaousema naujua tangu enzi za stensili.

Kutambua siyo kutoa. Mtoto ukimpitishia mjomba wake sokoni anamtambua kwa mbali, kwa mwendo tu. Sasa mpe penseli mwambie amchore huyo mjomba. Swali la kuchagua linamwonyesha mjomba kati ya watu wanne amnyooshee kidole. Kuongea ni kumchora. Wewe umefundisha kunyoosha kidole mwaka mzima, tena kwa ustadi, halafu siku moja umegawa penseli.

Na usisahau, wenye A, B, C, D wanapata 5 kati ya 20 hata wakifumba macho.

#6 Nai_Mtaani

Niaje wakubwa. Bila ubaya jameni, lakini nyinyi Bongo mnaanza Kiingereza mkiwa mmezeeka. Mtoto anasoma Kiswahili miaka saba halafu ghafla siku moja anaambiwa Bayolojia ni Kiingereza. Hakuna app itasaidia hapo. Huku kwetu hata konda wa matatu anakutusi kwa grammar safi 😂

#7 Mwana wa Bahi

Nai_Mtaani karibu, lakini rekebisha kidogo. Somo la Kiingereza shule za msingi lilikuwepo siku zote, kilichobadilika ni darasa la kuanzia. Kwa mtaala wa 2015 lilikuwa linaanza darasa la tatu, ule mpya ulioanza kutumika 2024 umelirudisha darasa la kwanza. Unachosema kuhusu Bayolojia ni kweli, sekondari lugha ya kufundishia ni Kiingereza. Na Zanzibar wana utaratibu wao tofauti na bara.

#8 MpembaHasa

Ndiyo, kwetu sera ya 2006 ilitaka Hesabu na Sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza tangu darasa la tano. Na bado watoto wetu wakiulizwa "yesterday" wanaangalia dirisha hilo hilo la Rukwa. Kwa hiyo nadharia ya Nai_Mtaani ya kuanza mapema ina tundu.

#9 Nai_Mtaani

Sawa, nimekubali nusu. Nusu nyingine nabaki nayo.

#10 Mwana wa Bahi

Turudi kwa mleta mada. Mimi nadhani tatizo ni kwamba mitandao hiyo yote haikutengenezwa kwa ajili ya mtu anayefikiri kwa Kiswahili. Makosa ya mtoto wa Kihispania siyo makosa ya mtoto wetu. Tuna mambo mawili makubwa ambayo sijaona programu ikiyagusa.

La kwanza, "yeye". Sisi hatutofautishi he na she. Mtoto anaandika "My mother he is a farmer" na sarufi nyingine yote iko sawa. Kwenye swali la kuchagua atapata, maana neno "mother" liko hapo linamkonyeza. Kwenye kuongea ulimi hauna muda wa kutafuta jinsia ya mtu. Mwaka juzi mwanafunzi wangu alitumia programu moja ya kutafsiri (siitaji) kwenye insha ya familia. Bibi yake alianza akiwa "he", aya ya pili akiwa "she" kwa sababu alikuwa anapika, aya ya tatu akarudi "he" alipoenda kununua ng'ombe. Nilicheka, halafu nikaona hiyo ni mada ya kipindi kizima.

La pili ni "-me-". Ukisema "mtoto amelala" maana yake sasa hivi yuko usingizini. Mwanafunzi anabeba hiyo "-me-" mpaka kwa "has slept", Mwingereza anaelewa kwamba mtoto kashaamka. "Amekaa" inakuwa "he has sat", "amesimama" inakuwa "he has stood". Yule Mhispania wa kwenye programu hana shida hii, kwa hiyo zoezi lake halipo.

#11 Kadogo_Bukavu

Jambo wandugu. Mwana wa Bahi amesema ukweli. Mimi niko Bukavu, kwetu shule ni Kifaransa, nyumbani Kiswahili, sokoni vyote. Nilipotaka Kiingereza niliingia Duolingo, ile programu ya kujifunza lugha yenye nembo ya bundi, kwa mlango wa Kifaransa, maana kozi ya kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza ilikuwepo. Sasa fikirini: nasoma lugha ya tatu kwa kupitia ya pili. Ilikuwa nzuri kwa maneno, nilifika siku 200 bila kukatisha, yule bundi wa kijani tumekuwa ndugu. Ila "il" na "elle" za Kifaransa ndizo zilinisaidia na he na she, siyo bundi.

#12 Dereva_Noah

Bundi kwetu ni mkosi, mnamuweka mwalimu 😅

#13 Mwana wa Bahi

Kadogo, na kinachochekesha, huyo huyo bundi anawafundisha Wazungu Kiswahili, kozi hiyo ipo tangu 2017. Wao wana mlango wa kuingia kwetu.

#14 MpembaHasa

Mie nitaje kitu ambacho sijakisoma popote, nimekiona kwa macho. Ile alama ya maikrofoni kwenye kibodi ya simu ya Google, ya kuandika kwa sauti. Ukienda kwenye lugha zake, mbali na Kiingereza cha Uingereza na cha Marekani, kuna cha Kenya na cha Tanzania pia. Chagua cha Tanzania. Nikampa mtoto kishikwambi (si mnavikumbuka vile vya sensa ya 2022 walivyogaiwa walimu), nikamwambia sema sentensi, tuone simu inaandika nini.

Wa kwanza alisema "I live in Pemba", ikaandika "I leave in Pemba". Darasa likacheka, yeye akarudia, ikaandika "leave" tena. Akarudia mara sita. Mtoto huyu kwa mwaka mzima hajawahi kurudia neno mara mbili mbele yangu! Mara ya saba ikaandika "live". Alinyanyua mikono kama kafunga goli.

Maelezo yangu: simu haina uso. Haimkunjii mtu uso, haisemi "wee kaa chini". Mtoto anakosea kwa amani.

#15 Nyundo_ya_Kigoma

Simu haina uso lakini wenzake 83 wanao.

Halafu hapo umempima matamshi, hujampima kuongea. Kusoma sentensi kwa maikrofoni siyo mazungumzo. Kwani "I live in Pemba" aliitunga yeye?

#16 MpembaHasa

Aliitunga yeye. Maneno manne, lakini yake.

#17 Mama_Wawili

Mimi siyo mwalimu ni mzazi. Wangu anatumia Read Along ya Google, anasoma hadithi kwa sauti, programu inamsikiliza na kumuonyesha neno alilokosea. Ukishapakua hadithi haihitaji bando. Kusoma amekuwa hodari. Kuongea? Anaongea na simu tu. Wageni wakija anajificha chumbani.

#18 Bibi Ubao

Mama Wawili umetaja neno nililokuwa nalisubiri: kujificha.

Wanangu, kabla hamjalaumu kadi na bundi, kumbukeni tulichowafanyia watoto. Shule nyingi nilizopita kulikuwa na kibao cha mbao chenye kamba. Ukikamatwa unaongea Kiswahili unavaa shingoni mpaka umkamate mwingine. Jioni wote waliokivaa wanachapwa. Tulidhani tunafundisha Kiingereza, kumbe tulikuwa tunafundisha kunyamaza, maana mwanafunzi mwerevu aligundua haraka kwamba njia pekee ya kutovaa kibao ni kutofungua mdomo kabisa.

Na mimi nilikuwa zamu nyingi tu, nisijitoe.

#19 Nai_Mtaani

Haki hiyo ni "disk" yetu! Kumbe ni ndugu. Mimi nilikaa nayo wiki mzima darasa la nne.

#20 Nyundo_ya_Kigoma

Bibi nakuheshimu, lakini mtoto wa Chaki wa Kidato cha Kwanza mwaka huu hajawahi kuvaa kibao. Aibu yake imetoka wapi?

#21 Bibi Ubao

Kwa waliokivaa. Ndio wazazi wake na walimu wake.

#22 Abu_Muscat

Assalam aleikum. Niko Muscat mwaka wa kumi na mbili, naendesha gari. Kiingereza changu sikukipata darasani, nilikipata kwenye Special English, vipindi vya Kiingereza chepesi vya VOA (redio ya Sauti ya Amerika), zamani kwenye redio ya mbao ya marehemu baba, baadaye kwenye tovuti yao ya Learning English. Siri yake ilikuwa mwendo. Msomaji anasoma polepole, kama theluthi mbili ya mwendo wa kawaida, na maneno wanayotumia ni kama 1,500 tu. Unasikia habari ya dunia nzima kwa maneno 1,500! Walianza wakati wa vita vya pili vya dunia kwa ajili ya wanajeshi.

Hizi programu za siku hizi zina kelele, ting ting, nyota, moto. Sikio halitulii.

#23 Mzee wa Kahawa

Wa aleikum salaam Abu. Hapo umechanganya redio mbili. Special English ya VOA ilianza Oktoba 1959. Iliyoanza wakati wa vita ni BBC, masomo yao ya Kiingereza kwa redio yametoka 1943.

#24 Abu_Muscat

Ahsante mzee, nimesahihishika. Huyu aliyesema anaweka kigoda kumbe ndiye mjuvi.

Niongeze tu kwamba Machi 2025 serikali ya Marekani ilipoifunga VOA midomo, na hicho kipindi kikasimama. Mimi nilikuwa nimeshapakua vipindi mia na kitu, viko kwenye memori kadi, nasikiliza nikimsubiri bosi msikitini na madukani. Kitu cha mtandaoni kipakue. Leo kipo kesho hakipo.

#25 Fundi_Seva

Naomba nishike hapo kwa Abu. Mnaongelea programu kama vile bando linashuka na mvua. Mimi nafunga mitambo ya shule. Ticha wa Rukwa, chukua haya:

Kiwix, inakuwezesha kubeba Wikipedia nzima bila intaneti. Usibebe ile kubwa, beba Wikipedia ya Kiingereza rahisi, ni ndogo na sentensi zake fupi. Kolibri, programu ya masomo yasiyohitaji intaneti, hii unaweka kwenye kompyuta moja, hata ile kongwe ya ofisini, vifaa vingine vinavuta masomo kwa waya au waifai ya ndani bila kutoka nje ya shule. Vitabu vya kiada vipo maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu, unasoma bure. Na African Storybook, ya shirika la Saide la Afrika Kusini, tangu 2014: hadithi za watoto kwa lugha nyingi za Afrika, hadithi ile ile unaipata kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, leseni yake inakuruhusu kuchapisha na hata kuandika upya.

Hiyo ya mwisho ndiyo ya kumtibu Mwana wa Bahi. Unaweka "amelala" na "is sleeping" ukurasa kwa ukurasa, mtoto anaona mwenyewe.

Nadharia yangu mimi ni ya kiufundi: dakika 40, darasa la 84, hata programu ikiwa malaika, kila mtoto anapata nusu dakika ya kuongea. Piga hesabu.

#26 Mwana wa Bahi

Nimepiga. Sekunde 28, kama mwalimu hasemi hata neno moja na hakuna anayechelewa kutoka chooni.

#27 Dereva_Noah

Wakuu samahani nawatoa kidogo. Hivi Mtanzania anaweza kufundisha hicho Kiingereza mtandaoni akalipwa dola? Kuna jamaa alisema Wachina wanalipa.

#28 Kadogo_Bukavu

Walikuwa wanalipa, ila siyo mimi na wewe. VIPKid, kampuni ya Kichina ya kufundisha watoto Kiingereza mtandaoni, walikuwa wanachukua walimu wa Marekani na Kanada. Halafu Julai 2021 China ikatoa kanuni kali za masomo ya ziada, walimu walioko nje wakakatazwa. Mlango ukafungwa hata kwa Wamarekani wenyewe.

#29 Nai_Mtaani

Dereva, fundisha Kiswahili. Kuna italki, kuna Preply, tovuti za walimu wa lugha, watu wanalipia. Hakuna atakayekuuliza lafudhi yako ni ya wapi. Labda akikupata wewe ataongea Kiswahili cha kupakia abiria, "wawili wa mwisho, siti ya dirishani".

#30 Dereva_Noah

Hicho ndicho Kiswahili chenyewe.

#31 Msimamizi_Zamu

Jamani, mada. Ajira zina jukwaa lake.

#32 Jini_la_Insha

Hakuna aliyetaja ChatGPT, ile akili bandia ya kuchati nayo? Tangu mwisho wa 2022 mwalimu wa kuongea naye yupo, hachoki, hacheki, saa nane usiku yupo. Mnahangaika na makaratasi.

#33 Bibi Ubao

Nilisahihisha barua za mjukuu wangu na wenzake likizo iliyopita. Barua kumi na moja, watoto wa Kidato cha Pili, zote zinaanza kumtumainia mwalimu mkuu awe na "high spirits". Mmoja nikamuuliza "spirits" ni nini. Akasema mashetani.

#34 Jini_la_Insha

😂😂 Bibi umeniua. Lakini huyo aliitumia kumwandikia, hakuitumia kuongea nayo. Mimi naiambia: uliza swali moja moja, tumia maneno rahisi, nikikosea usinikatishe, niambie mwishoni. Kiingereza changu cha usaili kimetoka hapo.

#35 Nyundo_ya_Kigoma

Wewe mtu mzima unayejua unachotaka. Mtoto wa miaka 14 akipewa mashine inayomaliza kazi atasema "subiri kwanza nikosee"? Tena kumbuka simu haruhusiwi shuleni, nyumbani iko moja na ni ya baba.

Mimi msimamo wangu uko pale pale na nitausema wazi: hawaongei kwa sababu hawana cha kuongelea wala wa kuongea naye. Sumbawanga nani anaongea Kiingereza? Mangi wa duka? Lugha bila mtu wa kuongea naye ni somo kama Jiografia. Unaijua, huitumii. Nilipofanya mtihani wa Kidato cha Nne 2009 hakuna aliyenisikiliza nikiongea, ilikuwa karatasi tu. Mtoto siyo mjinga, anaona alama ziko wapi.

#36 Mwana wa Bahi

Nyundo, kwa hoja hiyo Abu naye asingejua. Aliongea na nani na redio ya mbao?

#37 Abu_Muscat

Na mimi mwenyewe. Kwenye gari. Ukiniona barabara ya Seeb nachezesha midomo usidhani nasoma uradi, najibu taarifa ya habari.

#38 Chaki_Vumbi

Wakuu nimerudi, wiki mbili zimepita. Nimefanyia kazi baadhi.

Nilichapisha hadithi tatu za African Storybook, kurasa za Kiswahili na za Kiingereza. Nikawapanga wawili wawili, jozi 42. Kazi: msomeane, halafu mmoja amsimulie mwenzake kwa Kiingereza chake bila kutazama karatasi, mnarekodi kwenye kishikwambi dakika moja. Vishikwambi vitatu, tukazunguka siku nne, wengine mpaka baada ya kengele ya kutoka.

Nilikaa kusikiliza mpaka saa sita usiku. Jozi ya kwanza nzuri. Ya pili nzuri. Ya tano, nikasema huyu mtoto namjua. Ya nane, huyu huyu. Kumbe jozi tisa zimesimuliwa na sauti moja, ya binti anaitwa Neema. Wamempa andazi andazi.

Jozi nyingine kama ishirini hivi waliongea wenyewe. Fupi, zimevunjika, lakini zao. Zilizobaki ni upepo na kuku wa mlinzi.

#39 Mzee wa Kahawa

Neema apewe cheti cha ualimu.

#40 Fundi_Seva

Jozi ishirini ni watoto arobaini. Mwezi uliopita ulikuwa na sifuri.

#41 Nyundo_ya_Kigoma

Na kumi na nane wamelipa mkalimani. Ndiyo ninachosema, hata mkiwapa nafasi wanaikimbia.

#42 Bibi Ubao

Lakini tazama, Nyundo, Neema kasimulia mara tisa. Kwa siku nne huyo mtoto kaongea Kiingereza kuliko wewe mwaka mzima, tena kalipwa.

Chaki, usimuadhibu. Mpindue tu. Awe yeye ndiye anauliza maswali, haruhusiwi kujibu hata moja. Mtoto humjibu mtoto mwenzake.

#43 Mama_Wawili

Mkuu hizo kadi za Plickers umechapisha wapi? Nataka kuzipeleka kwa mwalimu wa wangu.

#44 Chaki_Vumbi

Stationery ya kawaida, mama, faili lenyewe bure kwenye tovuti yao. Chapisha nyeusi na nyeupe kwenye karatasi ngumu. Usizilaminishe, zinang'aa kamera ikashindwa kusoma. Nilijifunza kwa hasara.

#45 Mwana wa Bahi

Na Neema?

#46 Chaki_Vumbi

Neema ameanza kuuliza Jumatatu. Swali la kwanza alichagua mwenyewe, lile lile langu, "What did you do yesterday?" Kimya kidogo. Halafu mmoja wa benchi la nyuma, ambaye kwenye kadi hajawahi kuvuka 9, akasema, "My mother he beat me." Darasa zima likacheka, na yeye akacheka. Neema akamuuliza "Why?", akajibu, maneno kama kumi hivi, sikuyashika yote.

Sikumsahihisha.

#47 Mwana wa Bahi

"She", mkuu. Hapo ndipo pa kumsahihisha, pale pale, likiwa la moto.

#48 Bibi Ubao

Asingefungua mdomo tena mpaka Pasaka.

#49 Nyundo_ya_Kigoma

Kwa hiyo tumwache aende usaili na "my mother he"?

#50 Nai_Mtaani

Wasee, hakuna anayetaka kujua mama alimchapia nini?